Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Watchmen na Ubishi wa Wasomaji Wake

Majibu haya yamekusudiwa wale waliokwisha kukisoma kitabu hiki wakashangaa kuona mwenzao amekisoma hichohicho na kutoka na hukumu iliyo kinyume kabisa, na vilevile wale wanaosita kukianza kwa sababu wamesikia sifa nyingi mno. Mwisho wa hadithi umeelezwa waziwazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubishi inahusu huo mwisho.

Watchmen ni kitabu gani?

Ni riwaya ya picha iliyoandikwa na Alan Moore, ikachorwa na Dave Gibbons na kutiwa rangi na John Higgins, wote watatu wakiwa Waingereza. Kampuni ya Marekani ya DC Comics iliitoa kwanza kwa matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987, kisha ikayakusanya katika juzuu moja. Kisa kinatokea New York mwaka 1985, katika Marekani ambayo historia yake imekwenda mkondo mwingine: Richard Nixon bado ni rais, vita vya Vietnam vimemalizika kwa ushindi wa Marekani kwa sababu ya Daktari Manhattan, mtu wa rangi ya buluu anayeweza kuipanga upya maada apendavyo, na tangu mwaka 1977 sheria imewapiga marufuku wale wanaovaa barakoa na kujichukulia wenyewe kazi ya kupambana na wahalifu. Mmoja wao, Edward Blake, aliyejulikana kama Comedian, anatupwa kutoka dirisha la ghorofani. Mwenzake Rorschach, ambaye hakuwahi kuitii sheria hiyo, anaanza kumsaka muuaji.

Kwa nini wasomaji wanatofautiana sana juu yake?

Kitabu kina wahusika wakuu sita, kila mmoja ana mizani yake ya kupimia haki, na hakuna msimulizi anayesimama juu yao kutuambia ni nani aliyepima sawasawa. Rorschach anaamini kwamba kati ya jema na baya hapana nafasi ya kusimama. Adrian Veidt, yaani Ozymandias, anahesabu roho za watu kama mhasibu anavyohesabu hasara na faida. Daktari Manhattan anaona jana, leo na kesho kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo haoni haja ya kuingilia lolote. Blake anaona kila kitu ni mzaha. Dan Dreiberg na Laurie Juspeczyk, walio karibu zaidi na watu wa kawaida, wanataka kutenda mema lakini hawajui waanzie wapi. Msomaji aliyezoea hadithi za mashujaa hutafuta mapema mtu wa kuandamana naye, na kwa kuwa mwandishi hakumteulia yeyote, hujiteulia mwenyewe, kisha akafika mwisho wa kitabu akiwa na kinyongo au furaha kulingana na yaliyompata mteule wake.

Kuna sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ina uzito zaidi. Baadhi yetu husoma tukitaka kujua nini kilitokea, na wengine husoma wakitazama kilivyosimuliwa. Fumbo la nani aliyemwua Blake ni jepesi kiasi, na mtu aliyelifuata hilo peke yake ana haki ya kusema kwamba alitarajia makubwa. Aliyetazama fani, yaani jinsi picha ya ukurasa mmoja inavyojibiwa na picha ya ukurasa mwingine, hukifunga kitabu akiwa na hamu ya kukifungua tena. Hata hivyo, nisieleweke kwamba kila hukumu ni sawa na nyingine. Zipo ambazo kitabu chenyewe kinazikanusha, na zipo lawama ambazo hakina jibu la kuzijibu.

Je, ni kweli kwamba hadithi inakwenda polepole?

Ni kweli, na wanaolalamikia jambo hilo wasidharauliwe. Sura ya pili ni mazishi: mvua inanyesha kaburini kwa Blake, na waombolezaji mmoja baada ya mwingine wanamkumbuka marehemu, wala hakuna anayemkumbuka kwa wema. Sura ya nne karibu yote ni kumbukumbu za Daktari Manhattan akiwa peke yake katika sayari ya Mars. Anayesubiri mapigano atayapata machache, na hata hayo machache hayana milio iliyoandikwa kwa herufi kubwa wala mistari ya kuonyesha mwendo, kwa sababu Moore na Gibbons waliamua kuviacha vyombo hivyo vya kawaida vya katuni pamoja na yale mawingu yanayobeba mawazo ya mhusika. Taharuki ya kitabu hiki hutoka kwingine, pale msomaji anapotambua kwamba kitu kidogo alichokipita kurasa nyingi nyuma kilikuwa na maana. Asiyependa usomaji wa namna hiyo atachoka, na sioni ushauri wa kumfanya asichoke.

Kurasa za maandishi zilizo mwishoni mwa sura ni za lazima?

Sura 11 kati ya 12 zinafungwa na maandishi: vipande vya kumbukumbu za Hollis Mason, mvaa barakoa aliyekuwa Nite Owl wa kwanza kabla ya Dan, jalada la polisi na la wataalamu wa akili kuhusu Rorschach, makala ya Dan kuhusu ndege, mahojiano na Veidt, na mengineyo. Unaweza kuyaruka na bado ukaelewa kisa. Lakini jalada la Rorschach usiliruke, kwa sababu ambayo itaonekana hapa chini.

Hadithi ya maharamia ina kazi gani?

Kando ya kibanda cha magazeti anaketi kijana anayesoma katuni ya maharamia. Katika ulimwengu ule, ambako mashujaa wa barakoa ni watu halisi wanaotajwa kwenye taarifa ya habari, hakuna anayetaka kuwasoma kwenye katuni, na maharamia ndio waliorithi soko. Katuni hiyo inamhusu baharia aliyenusurika baada ya meli ya kutisha kuwaua wenzake. Anaunda chelezo kwa kutumia maiti zao ili awahi nyumbani kuionya familia yake, anaua watu njiani akidhani ni washirika wa maharamia, na mwishowe anatambua kwamba meli ile haikuwa na haja na mji wake, na kwamba balaa lililofika mlangoni kwake ni yeye mwenyewe. Huyo ni Veidt kabla hatujajua habari za Veidt.

Wanaoichukia sehemu hii wanasema kwamba inakata mazungumzo ya watu wengine na kumlazimisha msomaji afuate mambo mawili kwa mara moja. Nakubaliana nao kwa kiasi fulani, kwani zipo kurasa ambapo maneno ya baharia yanaoana na picha ya mtaani kwa ustadi unaojionyesha kupita kiasi. Lakini katika sura ya mwisho Veidt anaanza kumweleza Daktari Manhattan ndoto anayoiota, ya kuogelea kuelekea kitu cha kutisha, kisha anajikatiza na kusema si kitu. Aliyeruka kurasa za maharamia hawezi kujua ni kitu gani.

Kwa nini wengine wanamwona Rorschach shujaa na wengine wanamwona mwovu?

Wanaompenda wana hoja za kutosha. Ndiye pekee anayejali kwamba mwenzao ameuawa wakati wengine wametulia majumbani. Hanunuliki. Ana ucheshi mkavu unaotokea pale usipoutarajia. Alipofika kutoa vitisho kwa mwanamke aliyemsingizia kwenye vyombo vya habari, aliwaona watoto wake wakilia, akaondoka bila kumgusa. Anapotakiwa kunyamazia mauaji ya halaiki anakataa huku akijua kwamba kukataa ni kufa. Anavua barakoa machozi yakimtoka, na Daktari Manhattan anamwua juu ya theluji ya Antaktika. Sidhani kama kuna ukurasa mwingine katika kitabu kizima ambao ni mgumu kuusoma kwa moyo mkavu kama huo.

Wanaomchukia wanakumbusha mengine. Shajara yake imejaa dharau kwa makahaba, kwa mashoga, kwa wote wasiofikiri kama yeye. Katika sura ya kwanza kabisa anamvunja vidole mtu mmoja katika baa ambaye kosa lake lilikuwa kutoa kauli ya kejeli. Laurie anapomkumbusha kwamba Blake alijaribu kumbaka mama yake, yeye anatetea heshima ya marehemu kana kwamba jambo lenyewe lilikuwa udhaifu mdogo wa mtu aliyeitumikia nchi. Moore ameeleza katika mahojiano kwamba alimkusudia awe mfano mbaya, na kwamba hustushwa na wasomaji wanaojiona ndani yake. Asili ya mhusika huyu ni watu waliobuniwa na mchoraji Steve Ditko, hasa Question na Mr. A, ambao Ditko aliwajenga juu ya falsafa ya mwandishi Ayn Rand, isiyokubali nafasi kati ya jema na baya. Moore alichukua msimamo huo usiokubali nusu, akauliza ungeonekanaje kwa mtu halisi anayenuka, anayekula maharagwe ya kopo bila kuyapasha moto na asiye na rafiki.

Kwangu mimi, jambo linaloamua ubishi limefichwa katika lile jalada lililotajwa juu. Ndani yake mna insha aliyoiandika Walter Kovacs, yaani Rorschach, alipokuwa mtoto, akimsifu Rais Truman kwa kudondosha bomu la atomu nchini Japani, kwa sababu bila bomu hilo vita vingeendelea na watu wengi zaidi wangekufa. Hiyo ndiyo hoja ya Veidt, neno kwa neno karibu. Mtu anayekufa kwa kuikataa hesabu hiyo ni yuleyule aliyeikubali utotoni ilipofanywa na rais wa nchi yake, na hakuna dalili kwamba aliwahi kuiona tofauti. Msomaji anayesema kwamba Rorschach ndiye mwenye msimamo usioyumba katika kitabu hiki amesoma sura ya 12 bila insha hiyo. Kumhurumia ni halali kabisa, kwani sura ya sita iliandikwa ili ahurumiwe. Kumfanya kiongozi ni jambo jingine.

Je, Ozymandias alikuwa sahihi?

Tukumbushane kwanza alichokifanya. Akiwa na hakika kwamba Marekani na Urusi ya Kisovieti zinaelekea kuangamizana kwa silaha za nyuklia, Veidt anaitupia New York kiumbe cha bandia kinachoonekana kama kimetoka ulimwengu mwingine, na nusu ya wakazi wa jiji wanakufa. Wenzake wanapofika kumzuia anawajulisha kwamba alikwisha kulitekeleza dakika 35 zilizopita. Mataifa mawili yanaacha uhasama mara moja. Kwa kadiri tunavyoonyeshwa, mpango unafaulu.

Wasomaji wanaomtetea husema kwamba kitabu kinamtetea pia: vita havikutokea, na Dan, Laurie na Daktari Manhattan, waliosikia yote, wanakubali kunyamaza. Mimi naona kwamba mizani haikuachwa sawa, na uthibitisho uko kwenye kona ya mtaa. Kwa sura nyingi Moore na Gibbons wanaturudisha kwenye kibanda kilekile, mpaka tunamjua muuza magazeti anayejidai kuelewa siasa za dunia, kijana na katuni yake, dereva wa teksi anayegombana na mpenzi wake, wapelelezi wawili wa polisi, na Daktari Malcolm Long, mtaalamu wa saikolojia aliyevunjika moyo baada ya kumsikiliza Rorschach gerezani. Kisa hakiwahitaji sana watu hawa. Wamewekwa pale ili nusu ya wakazi wa jiji isibaki kuwa tarakimu. Katika dakika za mwisho dereva wa teksi na mpenzi wake wanapigana barabarani, na watu wanakimbilia kuwaamua. Mke wa Daktari Long anamwonya kwamba akijiingiza katika taabu za watu wengine tena, ndoa yao imekwisha. Anajiingiza. Kisha mwanga mweupe unawafuta wote, na sura ya 12 inafunguka kwa kurasa sita zenye picha moja moja za maiti, katika kitabu ambacho hadi hapo kilikuwa kimebana kila ukurasa katika visanduku vidogo.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kuokoa watu zilizowekwa ubavu kwa ubavu: ya Veidt, anayewaona wote kwa jumla kutoka kwenye ngome yake barafuni, na ya Long, anayemwona mtu mmoja aliye mbele yake. Kwamba ya pili haikufua dafu haimaanishi kuwa kitabu kinaiheshimu ya kwanza. Veidt mwenyewe, akitaka kuhakikishiwa, anamwuliza Daktari Manhattan kama mwishowe alitenda sawa, na jibu analopewa ni kwamba hakuna kitu ambacho huwa na mwisho. Kisha shajara ya Rorschach inaonekana kwenye rundo la karatasi katika ofisi ya gazeti, na kijana mmoja ananyoosha mkono kuelekea rundo hilo.

Ngisi yule hakuharibu mwisho wa hadithi?

Wengi huita ngisi kile kiumbe chenye minyiri na jicho moja, na wapo ambao hawajamsamehe Moore kwa sababu yake. Malalamiko kwamba kinatokea ghafla hayana nguvu, kwa kuwa maandalizi yapo: wasanii na waandishi wanaotoweka, kisiwa cha siri, hata mwandishi wa katuni ile ya maharamia ni miongoni mwa waliopotea. Lawama iliyo na msingi ni nyingine, kwamba maelezo ya namna kiumbe kilivyotengenezwa yamesongwa ndani ya hotuba ndefu ya Veidt, na kwamba anayeisoma hotuba hiyo kwa mara ya kwanza hubaki akiamini tu. Hata mhariri Len Wein hakuridhika, kwa sababu nyingine: wazo lilifanana na kipindi cha mwaka 1963 cha tamthilia ya televisheni ya The Outer Limits.

Binafsi naona upuuzi wa kiumbe chenyewe unafaa. Dunia iliyofika ukingoni mwa maangamizi kwa sababu za watu wazima inaokolewa kwa uongo ambao hata mtoto angeuona ni wa katuni.

Lawama kuhusu usawiri wa wanawake zina msingi?

Zina msingi, na hapa ndipo penye udhaifu ambao mashabiki huukwepa. Sally Jupiter, Silk Spectre wa kwanza, anashambuliwa na Blake mwaka 1940 katika jaribio la kumbaka. Miaka mingi baadaye analala naye kwa hiari, na binti anayezaliwa ni Laurie. Wanaokitetea kitabu wanasema kwamba moyo wa binadamu una mikanganyiko ya namna hiyo, na kwamba Moore hakuficha ukatili wa tendo la kwanza: tunauona, na tunaona pia jinsi wanaume wa kundi la wavaa barakoa alilokuwamo Sally walivyolipita bila adhabu. Hoja hiyo naikubali nusu. Kitabu kinaonyesha vizuri jinsi wanaume walivyowatendea wanawake hao, na habari za Silhouette, aliyefukuzwa kundini kwa kuwa msagaji na kuuawa muda mfupi baadaye, ni ushahidi mwingine. Lakini kuonyesha dhuluma ni kazi moja, na kumpa aliyedhulumiwa nafsi kamili ni kazi ya pili, ambayo haikukamilika.

Tazama jinsi sura zilivyogawanywa. Sura ya nne inatuingiza ndani ya fahamu za Daktari Manhattan hata tukaanza kuona wakati kama yeye. Sura ya sita inatuingiza ndani ya Rorschach, ya saba ndani ya woga na matamanio ya Dan, ya 11 ndani ya tamaa ya Veidt. Laurie ana sura ya tisa, na imejengwa kwa uzuri, kumbukumbu baada ya kumbukumbu mpaka anamtambua baba yake. Ila ugunduzi huo, ambao ni wake na unamvunja, unatumiwa papo hapo kumfanya mwanamume aliyesimama mbele yake abadili msimamo kuhusu thamani ya uhai. Analia yeye, anayepata hekima ni mwingine. Baada ya hapo hana jambo kubwa analoamua peke yake. Wasomaji waliouona upungufu huu hawakukosa kuelewa kitabu, kama wanavyoambiwa wakati mwingine. Walikielewa vizuri kabisa.

Daktari Manhattan anachosha, au ndiye mhusika bora?

Anachosha kama mtu, kwa kuwa amekwisha kuacha kuwa mtu. Sura ya nne, iliyo yake, ndiyo niionayo kuwa bora kuliko zote: mtoto wa fundi saa anayeshuhudia kifo chake cha mwaka 1959, mapenzi yake na upweke wake kwa wakati mmoja, na ukurasa wa picha ndiyo mahali ambapo jambo hilo linaweza kuonyeshwa bila kuelezwa, kwa sababu visanduku vya nyakati zote viko mbele ya macho pamoja.

Michoro imepitwa na wakati?

Wanaosema hivyo kwa kawaida wanazungumzia rangi, ambazo Higgins alizichagua kwa makusudi tofauti na desturi ya katuni za mashujaa, akipendelea zambarau, hudhurungi na rangi ya chungwa. Alizifanyia marekebisho kwa ajili ya toleo kubwa la mwaka 2005. Kuhusu mistari ya Gibbons, ni kweli kwamba haina mbwembwe. Ukurasa umegawanywa katika visanduku tisa, safu tatu za vitatu vitatu, na utaratibu huo unarudiwa mpaka unakuwa kama mapigo. Kinachopatikana ni udhibiti: anapounganisha visanduku viwili au vitatu msomaji anahisi mpumuo umebadilika. Sura ya tano ndiyo mfano unaotajwa zaidi, kwa kuwa kurasa zake zimepangwa kama kitu na taswira yake kwenye kioo, ukurasa wa kwanza ukijibiwa na wa mwisho, wa pili na ule unaotangulia wa mwisho, hadi kurasa mbili za katikati. Wengi wameisoma bila kugundua, na haikuwapunguzia kitu.

Vita Baridi imekwisha. Kitabu kina la kutuambia bado?

Nixon, uvamizi wa Afghanistan na hofu ya makombora ni mambo ya wakati wake, na msomaji asiyeyajua atakosa sehemu ya hofu iliyomo. Swali la nani anamsimamia mwenye nguvu anayejiita mlinzi halikufungwa na mwaka 1991.

Je, ni lazima niwe nimesoma katuni nyingine za mashujaa?

Hapana. Mpango wa awali ulikuwa kutumia wahusika wa kampuni ya Charlton ambao DC ilikuwa imewanunua, lakini mhariri Dick Giordano alimtaka Moore abuni wapya, kwa sababu hadithi ingewaacha wale wa zamani wakiwa hawatumiki tena. Hivyo kila unachohitaji kukijua kimo ndani. Anayeijua historia ya katuni hizo atacheka mahali ambapo wengine hawacheki, basi.

Wanaosema Watchmen iliziharibu katuni za mashujaa wanamaanisha nini?

Wanamaanisha kwamba baada yake walijitokeza waandishi wengi waliodhani siri ya mafanikio ilikuwa damu, matusi na mashujaa wenye uchungu. Lawama hiyo iwaangukie walioiga. Lakini ina chembe ya ukweli: ukali wa kitabu ni rahisi kuiga kuliko muundo wake, na Moore mwenyewe ameonyesha kutofurahishwa na urithi huo. Kilipata Tuzo ya Hugo mwaka 1988, na mwaka 2005 jarida la Time likakiweka katika orodha yake ya riwaya 100 bora za Kiingereza tangu 1923. Sifa za namna hiyo humfanya msomaji mpya atarajie muujiza katika ukurasa wa kwanza, na nusu ya wanaosema kimesifiwa kupita kiasi wanawalaumu wasifiaji.

Kwa nini Moore hataki kuhusishwa na kazi zilizofuata?

Mkataba ulieleza kwamba haki zingewarudia Moore na Gibbons endapo kitabu kingeacha kuchapishwa kwa muda uliowekwa. Kikauzika mno, hakikuacha kuchapishwa, na haki hazikurudi. Moore aliachana na kampuni hiyo akiona amedhulumiwa. Gibbons hakufuata njia hiyo, na alishirikiana na watengenezaji wa filamu. Msomaji anaweza kumwunga mkono yeyote kati yao bila hukumu yake juu ya kitabu kubadilika.

Filamu ya mwaka 2009 au tamthilia ya 2019 inaweza kuchukua nafasi ya kitabu?

Filamu ya Zack Snyder inafuata picha nyingi za Gibbons kwa uaminifu mkubwa, na katika mapigano inafanya kinyume chake, ikiyapamba na kuyapunguza mwendo ili yavutie. Ngisi ameondolewa, na badala yake miji kadhaa inalipuliwa na lawama kutupiwa Daktari Manhattan, badiliko ambalo baadhi ya watu wanaliona nadhifu kuliko kitabu. Silioni hivyo, kwa sababu Daktari Manhattan alikuwa silaha ya Marekani, na ni vigumu kuamini kwamba Urusi ya Kisovieti ingeungana na mwenye silaha hiyo. Tamthilia ya Damon Lindelof ya mwaka 2019, yenye vipindi tisa, haikujaribu kusimulia kisa upya. Inaanzia kwenye mauaji ya watu weusi ya Tulsa mwaka 1921, na nawashauri hata wasiokipenda kitabu waitazame, ila wasome kwanza.

Kinafaa kwa watoto?

Hakifai. Kina jaribio la ubakaji, mauaji ya mtoto na maiti nyingi.

Nimekisoma mara moja na sikukipenda. Nirudie?

Inategemea kilichokuudhi. Ukiwa umeudhiwa na Laurie kutopewa haki yake, kurudia hakutakutuliza, huenda kukakuongezea hoja. Ukiwa umechoshwa na kasi, acha ipite miaka kadhaa kwanza. Lakini kama malalamiko yako ni kwamba ulimkisia muuaji mapema, rudia, na safari hii mtazame Veidt tangu anapotembelewa na Rorschach katika sura ya kwanza, ukisikiliza anavyojibu maswali ya mtu anayemtafuta yeye.